Wiki kumi za maabara: nani huingia, na hutoka na nini?

Kila kiangazi vyuo vya Marekani hupokea katika maabara zao wanafunzi wa shahada ya kwanza kutoka vyuo vingine. Mpango unaojulikana zaidi ni REU wa NSF, taasisi ya serikali inayofadhili sayansi. Ulianza 1987: wanafunzi kama kumi kwa kituo, wiki 8 hadi 10, posho, malazi na mara nyingi nauli. Shabaha yake mojawapo kwa miaka mingi ilikuwa wale walio wachache katika sayansi, yaani Weusi, Walatino, wenyeji asilia, watu wenye ulemavu na wanaosoma vyuo visivyofanya utafiti.

Wanaoutetea huanzia kwenye posho, na wako sahihi. Kijana anayechangia kodi ya nyumba kwao hawezi kujitolea maabara bure. Akilipwa, anaacha zamu za dukani bila kuumiza familia. Tena barua ya mtafiti aliyemwona akifanya kazi husikilizwa zaidi kwenye maombi ya uzamivu kuliko alama A ya darasani.

Wakosoaji wanauliza: waliopitia REU wakafaulu, wamefaulu kwa sababu ya mpango, au walichaguliwa kwa kuwa wangefaulu tu? Chujio lenyewe linawapa hoja. Maombi mengi hufungwa kati ya Januari na Machi, na huhitaji barua za wahadhiri, mara nyingi mbili. Anayesoma kwenye darasa la watu 200 na kukimbilia kazini kipindi kikiisha hana mhadhiri anayemjua hata kwa jina. Halafu kuna nauli. Chuo kikisema "nunua tiketi, tutakurudishia", maskini ndiye anayekikopesha chuo.

Na wiki kumi si kumi. Ya kwanza huliwa na mafunzo ya usalama, kadi ya mlango na akaunti ya kompyuta. Mbili za mwisho ni za bango na uwasilishaji. Zinabaki saba. PCR, yaani njia ya kunakili DNA, ikigoma, na jeli ya kuionyesha DNA hiyo ikatoka tupu bila hata mstari mmoja, wiki nzima au mbili huishia kutafuta kama kosa ni praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili), joto au DNA yenyewe. Kwa hiyo mradi unaofaa ni kipande cha kazi inayoendelea, vitendanishi viko kwenye friji kabla mgeni hajafika, na mlezi wa kila siku, kwa kawaida mwanafunzi wa uzamivu, hana safari Julai. Jina kubwa la profesa halisaidii sana hapa.

Mpango wa Meyerhoff wa chuo cha UMBC, Maryland, ulioasisiwa 1988, ulichagua njia ndefu: humpokea mwanafunzi kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza na kwenda naye hadi ahitimu. Ni ghali, lakini naona ndio unaojibu swali la wakosoaji, kwa kuwa haumsubiri mwanafunzi hadi apate mhadhiri wa kumwandikia barua. Ulianza na vijana Weusi wa kiume 19. Mwaka 1996 ukafunguliwa kwa watu wa asili zote bila kuacha lengo lake. Mfano huo una uzito leo, baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuzuia Juni 2023 kigezo cha rangi katika udahili wa vyuo, na mipango mingi kugeukia kipato na elimu ya wazazi.

Kwa wasomaji walioko huko: fedha za REU ni za raia na wakaazi wa kudumu. Aliyetoka Nairobi kwa visa ya masomo hazimhusu. Mtoto wa familia ya wakimbizi wa Kongo mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu zinamhusu. Kabla ya kujaza fomu aulize nani hununua tiketi, nani atakuwa naye maabara kila siku, na posho ya kwanza huingia wiki ya ngapi. Ikiingia ya tatu, aende na fedha ya kula ya siku ishirini.