Kabla hujang'oa kapasita zote

Jumapili moja huku Uingereza nilinunua BBC Micro Model B, kompyuta ya miaka ya 80 iliyotengenezwa na Acorn, kwenye yale masoko ya asubuhi ambapo watu wanafungua buti za gari na kuuza vitu vya stoo. Kilichonivuta kwanza ni jina la shule lililochomwa kwenye plastiki kwa ncha ya moto, herufi hazilingani, moja imeteleza mpaka ukingoni. Yaani mtu wa shule alikaa na chuma cha moto akaandika ili mashine isiibiwe. Nikampelekea jamaa mmoja anayezifufua hizi kompyuta, fundi kweli kweli na hana roho mbaya, akaigeuza mara moja akaniuliza hilo jina alisugue kabla ya kufungua au baada.

Swali lake hilo moja lina ubishi wote uliopo sasa hivi kati ya watu wanaokusanya kompyuta za nyumbani za Uingereza za miaka ya 80, yaani Spectrum, BBC, Electron, Amstrad, Dragon na wenzake. Upande mmoja unataka mashine irudi ilivyotoka dukani, inang'aa, kapasita mpya (vile vijipande vya kutunza chaji ya umeme), adapta mpya, picha safi kwenye TV ya leo. Upande wa pili unasema tengeneza kilichoharibika tu, vingine viache. Hawa wa pili mara nyingi wanaitwa wavivu au watu wa makumbusho wanaotaka vitu viozee kabatini, na naona hawajasikilizwa vizuri.

Nianze na mafundi maana wana hoja nzito. Kompyuta isiyowaka ni boksi la plastiki tu, mtoto hawezi kuandika mstari wa BASIC, lugha ya programu ya mashine hizi, kwenye picha. Tena kuna vitu ambavyo ukiviacha kwa jina la uorijino unafanya kosa. Pawasapulai ya BBC Micro ina zile kapasita za kampuni ya Rifa zilizokaa kwenye njia ya umeme wa ukutani, ganda lake linapasuka nyufa ndogondogo, unyevu unaingia, siku unayochomeka baada ya miaka 20 inalipuka moshi unaonuka nyumba nzima. Zile toa, hakuna mjadala. A3000 ya Acorn ya 1989, ya ukoo wa Archimedes, nayo ina betri ya kuchaji iliyolehemiwa kwenye bodi, inavuja taratibu na yale maji yake yanakula njia za shaba mpaka bodi inakufa, kwa hiyo ukipata A3000 leo usiisubirishe hadi wikiendi, ifungue leo hiihii ukate betri. Na ule utando wa kibodi wa Spectrum unakauka, ukiuvuta tu mkia wake unakatika, mpya zinatengenezwa mpaka leo, weka mpya na historia haijapotea chochote.

Ila watu wanachukua mifano hii mitatu ya kweli wanaigeuza ruhusa ya kila kitu. Unamkuta mtu anang'oa kapasita zote za bodi bila kupima hata moja, mita ipo mezani haijawashwa. Bodi ina miaka 40, ukizidisha joto kidogo kile kiduara cha shaba kinabanduka na njia yake, sasa umeharibu kilichokuwa kizima ili ubadilishe kilichokuwa kizima. Na plastiki iliyogeuka njano wanaipaka peroksaidi, dawa ileile ya kupaushia nywele, wanaianika juani au chini ya taa ya UV. Inapauka kweli na inapendeza kwenye picha, lakini wengi wamekuta baada ya muda unjano unarudi, na ukipaka vibaya inabaki na mabaka ambayo hayatoki tena.

Hoja wanayoirudia mafundi kila siku ni namba. Spectrum ziliuzwa zaidi ya milioni 5, BBC Micro zaidi ya milioni 1.5, sasa hata tukibadilisha elfu kumi si zimebaki nyingi? Hii namba nimeifikiria sana na kila nikiifikiria naona inasema kinyume cha wanachotaka iseme. Kwanza hiyo ni hesabu ya zilizouzwa, zilizotupwa hazimo ndani yake. Pili, na hili ndilo linaloniuma, zinazofika mikononi mwetu zote zinasukumwa upande mmoja, kila fundi anafanya marekebisho yaleyale, RAM (chipu za kumbukumbu) ileile mpya, kibodi ileile mpya, rangi ileile, kwa hiyo unaweza kuwa na mashine milioni zilizobaki na zote zikawa zinasimulia kitu kimoja tu, cha mwaka huu. Wingi wa maboksi sio wingi wa habari zilizomo ndani.

Chukua Spectrum yenyewe. Ilitoka Aprili 1982, pauni 125 yenye kumbukumbu ya 16K na pauni 175 ya 48K, bei ya chini kwa wakati ule, na ukitaka kujua ilifikaje hapo usiulize, fungua. Zile 32K za juu za hiyo 48K ni chipu za 64K zenye nusu mbovu! Sinclair, mwenye Spectrum, alizichukua zilizokataliwa, akatumia nusu nzima, na kwenye bodi kuna kiunganishi cha waya kinachochagua nusu ipi. Ukitoa chipu zote nane ukaweka moduli moja ya kisasa, mashine itawaka vizuri tu na baridi zaidi, lakini jibu la jinsi ile bei ilivyopatikana umelitupa kwenye ndoo.

Au zile bodi za kwanza kabisa za Spectrum, Issue 1. ULA, ile chipu kuu inayoongoza picha na kibodi, ilikuwa na kosa la usanifu, wakati mashine zinasubiriwa, basi kiwandani wakachukua chipu ndogo ya lojiki wakaigeuza miguu juu na kuiunga kwa waya, mpaka leo watu wanaiita mende mfu. Ukiiona bila kujua utasema huyu ni fundi wa mtaani kaharibu bodi ya watu. Ukweli ni kiwanda chenyewe. Sasa mtu mwenye nia njema kabisa, anayependa kazi safi, anamtoa mende, anaweka ULA ya baadaye na kusafisha lehemu kwa spiriti, na ile haraka ya 1982 imefutika kwenye bodi hiyo moja kwa moja.

Kuhusu TV nakubali kukutana katikati. Spectrum inatoa picha kwa njia ya antena, TV nyingi za sasa zinaipokea kwa shida, na kuitoa picha kwa njia ya composite, yaani video ya moja kwa moja, kupitia boksi lilelile la modyuleta linalotoa ishara ya antena ni kazi ya dakika chache inayorudishika kama hujakata kitu. Kurudishika ndio kipimo changu. Ukitoa kitu kiweke kwenye kimfuko, andika tarehe, kiache ndani ya kasha, na kabla ya yote piga picha. Kwa BBC ongeza moja, chipu za ROM za ziada (zinazobeba programu) ambazo shule ziliweka kwenye soketi, na diski zilizokuja nayo, nakili kwanza yaliyomo, maana serikali ililipa nusu ya bei mashine hizi ziingie mashuleni na yale waliyoandika walimu na watoto humo mengi hayana nakala nyingine popote.

Ya kwangu nilimwambia jamaa abadilishe kapasita za pawasapulai tu. Alibisha kidogo, akafanya. Tulipoiwasha ikapiga ule mlio wake wa toni mbili, BBC Computer 32K ikatokea kwenye skrini, na akawa anapitisha kidole juu ya lile jina la shule, kwenye ile herufi iliyoteleza, akiuliza kama ile shule bado ipo.