Vazi la Halloween Litengenezwe Nyumbani, na Mtoto Mwenyewe Ashiriki

Kabla hata mwezi wa Septemba haujaisha, maduka makubwa ya hapa Marekani huwa yameshajaza rafu zake mavazi ya watoto ya Halloween, sikukuu ambayo watoto hujigeuza viumbe mbalimbali na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakipewa peremende, na vazi moja lililofungwa ndani ya mfuko wa plastiki laweza kugharimu dola 30 au zaidi. Mzazi mwenye watoto watatu hujikuta akipiga hesabu ya karibu dola 100 kwa nguo zitakazovaliwa jioni moja tu. Katika jamii yetu ya wazungumzaji wa Kiswahili hapa Des Moines, Iowa, wapo wanaolipa shingo upande kwa sababu wanaogopa kwamba mtoto atachekwa akionekana na kitu kilichobuniwa nyumbani. Hofu hiyo naielewa, lakini sikubaliani nayo, na naamini kwamba vazi lililotengenezwa juu ya meza ya chakula linalishinda la dukani hata pale ambapo fedha zipo.

Desturi ya watoto kuzunguka nyumba kwa nyumba tarehe 31 Oktoba ina mizizi Ireland na Uskoti, ambako watoto walivaa nguo kuukuu za wakubwa, wakajipaka masizi usoni, na walipofika mlangoni wakatakiwa kuimba au kughani shairi kabla ya kupewa tufaha au karanga. Ilipofika Marekani iliendelea kuwa kazi ya mikono: kuanzia mwaka 1909 kampuni ya Dennison ya Massachusetts ilikuwa ikitoa vijitabu vya kuwaelekeza watu namna ya kutengeneza mapambo na mavazi ya Halloween kwa karatasi za rangi. Mavazi yaliyouzwa tayari kwenye boksi, kama yale ya kampuni ya Ben Cooper, yalianza kuenea miaka ya 1930. Mji wetu nao umehifadhi sehemu ya desturi ya zamani, kwani tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930 watoto wa Des Moines wamekuwa wakitarajiwa kusema kichekesho au kitendawili mlangoni ndipo watiliwe peremende. Mtoto hapewi bure. Naye ana kitu anachotoa. Vazi alilolifanyia kazi mwenyewe ni sehemu ya kitu hicho, na mwenye nyumba anapomuuliza amekuwa nani jioni hiyo, huwa na maelezo marefu ya kumpa.

Chukua mfano wa popo. Mwavuli mweusi uliovunjika, ambao kwa kawaida ungetupwa, hukatwa katikati na kuondolewa mpini, na kila nusu ikawa bawa, kwa kuwa njiti za mwavuli hutanuka na kukunjika kama vidole virefu vinavyoshikilia bawa la popo halisi. Ncha za njiti hufungwa kwa kitambaa zisimchome mtu, halafu kila bawa hushonwa kwenye mkono wa sweta jeusi lenye kofia, na masikio mawili ya kitambaa hushikizwa juu ya kofia. Mtoto akiinua mikono, mabawa hufunguka. Buibui naye ni rahisi: soksi nyeusi ndefu hujazwa vitambaa chakavu, hushonwa ubavuni mwa sweta, kisha huunganishwa kwa uzi mmoja hadi kwenye kifundo cha mkono, hivyo mkono ukisogea miguu yote husogea pamoja.

Vazi ninalolipenda kuliko yote ni daladala. Boksi kubwa la kadibodi hutobolewa juu na chini, huvalishwa mabegani kwa mikanda ya kitambaa, sahani za karatasi huwa magurudumu, na mtoto huchora mwenyewe madirisha, abiria na kibao cha Mbagala–Kariakoo. Hapo ndipo mtoto aliyezaliwa Iowa huanza kuuliza kondakta anasimama wapi na kwa nini mlango hauko upande uleule wa mabasi ya hapa, na mzazi hupata nafasi ya kusimulia jiji ambalo mwanawe hajawahi kuishi.

Kwa upande wa vifaa, sisi tuna ujuzi ambao majirani wengi hawana. Wengi wetu tulijifunza kuchambua mitumba Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, na macho yaleyale yanafanya kazi vizuri katika maduka ya mitumba ya Goodwill, ambako sweta la mtoto hupatikana kwa dola chache. Jambo moja nalipinga: kumvika mtoto shuka la Kimasai na kuliita vazi la Halloween. Hilo ni vazi la watu wanaolivaa kila siku kwa heshima yake, na halifai kuwekwa kundi moja na popo na mazimwi. Ama wazazi ambao kwa imani yao hawataki sikukuu hii kabisa, wana haki yao, na watoto wao wasishinikizwe.

Sweta nimelitaja mara nyingi kwa makusudi. Mwishoni mwa Oktoba baridi ya Iowa ni kali, na vazi jembamba la dukani huishia kufichwa chini ya koti, ilhali lililojengwa juu ya sweta zito huonekana lote na mtoto akabaki na joto. Barakoa huziba macho, kwa hiyo afadhali rangi za uso. Pindo lisiburute, na utepe unaoakisi mwanga ubandikwe mgongoni, maana watoto huvuka barabara gizani. Kondoo wa pamba iliyobandikwa kwa gundi hupendeza, lakini simpendekezi, kwa kuwa pamba hushika moto upesi na mabarazani huwa kuna maboga yenye mishumaa ndani.

Kazi ianze mwanzoni mwa Oktoba, ili rangi ipate muda wa kukauka na mtoto apate nafasi ya kubadili mawazo. Siku chache kabla ya tarehe yenyewe avae vazi zima, apande nalo ngazi na kupita mlangoni, na kama ni daladala, mikanda ifungwe kwa namna ya kufunguka haraka, kwa sababu hawezi kukaa nalo kwenye kiti cha gari.