Nani Kasema Angani Hakuna Msaada?

Ile video ya Butch Wilmore na Suni Williams, wanaanga wawili wa Marekani, imeanza kuzunguka tena kwenye makundi ya WhatsApp, safari hii ikiwa na muziki wa msiba na maneno makubwa mekundu: WALITELEKEZWA MIEZI TISA ANGANI. Video yenyewe nimeizoea. Kilichonipandisha hasira ni jamaa mmoja kwenye kundi letu, mhandisi kabisa, mtu wa mahesabu, aliyeandika chini yake: "Angani ukiharibikiwa kwisha habari yako. Hakuna la kufanya, ni kumwachia Mungu tu." Basi ikafuata mikono ya kuomba, msururu mzima.

Ya Mungu tumwachie Mungu. Ila hiyo "hakuna la kufanya" nina ugomvi nayo wa siku nyingi, kwa sababu imeshaua watu saba na haijawahi kushtakiwa.

Kwanza tumalizane na Butch na Suni. Walipaa tarehe 5 Juni 2024 kwa chombo kipya cha Boeing, Starliner, kwa safari ya siku nane hivi. Njiani heliamu ikavuja na baadhi ya injini ndogo za kukiongoza chombo zikagoma. Walifika kituo cha anga salama, na huko walikuta chakula, hewa, kazi na wenzao. Mwezi Agosti NASA, shirika la anga la Marekani, ikaamua: Starliner irudi tupu, nyie subirini. Septemba kikapaa chombo cha SpaceX kikiwa na watu wawili badala ya wanne, viti viwili vimeachwa wazi kwa ajili yao, na Machi 2025 wakarudi nacho. Sasa hapo nani katelekezwa? Mtu akikuwekea kiti kwenye gari lijalo kisha akakwambia subiri, huyo amekutelekeza? Tena aliyewaleta nyumbani, kamanda wa chombo hicho, ni Nick Hague. Huyu mwaka 2018 roketi ya Kirusi ilimharibikia njiani yeye na Aleksey Ovchinin. Mfumo wa kujiokoa ukaichomoa kapsuli yao, wakashuka nyika za Kazakhstan wakiwa wazima. Aliyeokolewa ndiye akaja kuokoa, na hilo kwenye video halimo.

Najua mtanijibu: Starliner si ilirudi salama bila mtu? Ilirudi, ikatua New Mexico bila mkwaruzo wa maana. Haya, nakubali, huenda wangepanda nayo wakafika. Lakini mkurugenzi wa NASA wa wakati ule, Bill Nelson, alipotangaza uamuzi alizitaja Challenger na Columbia, vyombo viwili vya NASA vilivyoangamia na wanaanga wake, na hiyo ya Columbia ndiyo ninayotaka niiseme kwa kirefu. Wengi tunakumbuka picha ile tu ya mistari myeupe ikikatika katika anga la Texas. Siku kumi na sita zilizotangulia hatuzikumbuki, na mambo yote yako humo.

Tarehe 16 Januari 2003, sekunde 82 hivi baada ya Columbia kuruka, kipande cha sponji ya kukinga joto kilichomoka kwenye lile tangi kubwa la mafuta na kupiga bawa la kushoto. Kipande chenyewe hakikufika kilo moja, ila kilipiga kwa mwendo wa karibu kilomita 800 kwa saa. Kesho yake tu wataalamu wa picha wakakiona kwenye filamu. Hawakuweza kuona kimeacha nini pale kilipopiga, kwa hiyo wakataka jambo rahisi: jeshi la Marekani lina darubini na setilaiti za kutazama vitu vya angani, liombwe lipige picha ya lile bawa.

Wahandisi waliomba picha mara tatu, kwa njia tofauti tofauti, na mara zote hizo hazikupatikana. Tarehe 22 Januari uongozi wa safari ukalisimamisha ombi lililokuwa tayari limeanza kushughulikiwa jeshini. Na katika kikao cha uongozi siku moja kabla, mwenyekiti alishasema, na imo kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba hilo la sponji halina uzito wakati wa safari hii kwa kuwa hakuna kikubwa wanachoweza kufanya.

Hebu usome tena huo mpangilio wake. Hatuwezi kufanya kitu, kwa hiyo tusiangalie. Na kwa kuwa hatujaangalia, hatujui kuna nini, na kwa kuwa hatujui kuna nini, hatuna la kufanya. Mduara umefungwa, chai imeletwa, kikao kimeahirishwa.

Kulikuwa na mhandisi anaitwa Rodney Rocha. Huyu ndiye ninayemfikiria zaidi katika kisa hiki. Aliposikia picha zimekataliwa alikaa akaandika barua pepe kali, akisema kwa maoni yake ya kitaalamu hilo ni jibu la makosa na linakaribia kutowajibika. Akawakumbusha wenzake yale mabango ya usalama yaliyotundikwa kote NASA, yanayomwambia mfanyakazi kwamba kitu kisipokuwa salama, sema. Akamaliza kuandika, akaichapa karatasini, akamwonyesha mwenzake.

Hakuituma. Alieleza baadaye kwamba hakutaka kuruka ngazi.

Jamani, nani kati yetu hajawahi kuandika barua ile? Nani hajakaa kwenye kikao akajua mkubwa anakosea, akainamisha kichwa akachora maua kwenye daftari? Nimefanya kazi ofisi ambayo ukuta mzima ulikuwa na maneno ya "maoni yako ni muhimu", na kila mtu alijua aliyewahi kuyatoa alihamishiwa wapi. Tunadhani nidhamu hii ya woga ni ugonjwa wetu sisi. Wale walikuwa watu waliopeleka binadamu mwezini, na yaliwakuta hayohayo.

Tarehe 23 wanaanga wenyewe wakaandikiwa kwamba sponji imepiga bawa, na kwamba hakuna wasiwasi wowote kuhusu kurudi. Waliambiwa ili wasishtukizwe na swali la mwandishi wa habari. Yaani taarifa ya hatari iliyokuja kuwaua ilifika kwao kama maandalizi ya mahojiano. Kamanda wao, Rick Husband, akashukuru, wakaendelea na majaribio yao ya sayansi. Kalpana Chawla alikuwemo, yule msichana wa Karnal, India, aliyekwenda Marekani kusoma. Alikuwemo na Ilan Ramon, Mwisraeli wa kwanza kwenda angani. Tarehe 1 Februari, dakika kama kumi na sita kabla ya kutua, hewa ya moto ilishaingia kwenye tundu la bawa na kulila kwa ndani; chombo kikakatika vipande, wote saba wakafa.

Sasa twende kwenye ile "hakuna la kufanya". Tume ya uchunguzi ya Admirali Harold Gehman iliwaagiza NASA wapige hesabu: kama mngejua mapema, ndani ya siku za mwanzo, mngefanya nini? Hesabu ikatoka. Chombo kingine, Atlantis, kilikuwa tayari kinaandaliwa kwa safari ya tarehe 1 Machi. Mafundi wakifanya kazi usiku na mchana, kingeweza kuruka tarehe 10 Februari. Columbia, wanaanga wakilala zaidi na kupunguza kazi, wangekuwa na hewa mpaka tarehe 15, kwa sababu kilichokuwa kinawabana ni makopo ya kemikali inayonyonya hewa chafu wanayoitoa mapafuni. Siku tano za ziada! Atlantis ingekwenda na watu wanne, ikasimama karibu na Columbia, na wale saba wangevushwa mmoja mmoja wakiwa ndani ya suti za anga. Columbia yenyewe ingeachwa ikaangukie baharini.

Ni mpango wa kubahatisha, sikatai. Atlantis nayo ilikuwa na tangi la aina ileile, lenye sponji ileile, na ingeweza kupigwa vilevile. Kila kitu kingetakiwa kwenda sawa bila kuchelewa hata siku chache. Inawezekana tungehesabu maiti kumi na moja badala ya saba. Lakini huo ungekuwa uamuzi wa watu waliotazama bawa wakajua wanachokabiliana nacho. Miezi mitano baada ya msiba, maabara moja ya San Antonio ilifyatua kipande cha sponji kwenye paneli ya bawa, na paneli ikatoboka tundu la sentimita arobaini kila upande. Tundu la ukubwa huo huenda lingeonekana pichani.

Wazee wa Unguja wanaweza kukumbuka mitambo ya Wamarekani pale Tunguu. Kilikuwa kituo cha NASA, kimoja katika mlolongo wa vituo duniani vya kuwasikiliza wanaanga wa Mercury, mpango wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani, wakipita juu, kikaondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. John Glenn, Mmarekani wa kwanza kuzunguka dunia, alipofanya hivyo Februari 1962, Tunguu ilikuwa njiani mwake. Katika safari hiyo kifaa kimoja kilitoa ishara kwamba ngao ya joto imelegea. Kule chini hawakuwa na uhakika kama ishara ni ya kweli, ila hawakuipuuza: waliamua asikidondoshe kile kifurushi cha roketi za kupunguza mwendo kilichofungwa juu ya ngao, pengine kitaishikilia. Ishara ilikuwa ya uongo, ngao ilikuwa nzima. Glenn mwenyewe alikasirika baadaye kwamba walimzungusha kwa maswali ya mbali badala ya kumwambia wazi, na hasira yake ilikuwa ya haki. Hata hivyo shaka yao waliifanyia kazi angali angani, kwa mitambo ya 1962.

Apollo 13, safari ya mwezini ya 1970 iliyoharibikiwa njiani, mnaijua, sirudii, ila watu husahau kwamba wazo la kutumia chombo cha kutulia mwezini kama mashua ya kuokolea lilishafikiriwa kabla ya tangi la oksijeni kulipuka. Wanaanga watatu wa Kisovieti wa chombo cha Soyuz 11 walikufa 1971 hewa ilipovuja nao hawana suti, na baada yao hakuna anayepaa na Soyuz bila suti. Hata Marekani, baada ya Columbia, walijifunza. Mwaka 2009 Atlantis ilipokwenda kutengeneza darubini ya Hubble, mahali pasipo na kituo cha kukimbilia, Endeavour, chombo kingine cha aina yake, ilisimama kwenye uwanja wa pili ikiwa tayari kuruka kuwafuata. Haikuhitajika. Wapo waliolalamikia gharama, kama ilivyo kawaida ya watu.

Wachina nao Novemba 2025 walikuta nyufa ndogo kwenye dirisha la Shenzhou-20, kapsuli iliyokuwa irudishe watu watatu. Hawakusema "dirisha tu hilo". Watu wakateremka tarehe 14 na Shenzhou-21, chombo cha wenzao waliokuja kuwapokea, na tarehe 25 roketi iliyokuwa imewekwa akiba ikapeleka Shenzhou-22 tupu, ili waliobaki juu nao wawe na usafiri. Siku kumi na moja.

Kinachonitia wasiwasi sasa ni hawa matajiri wanaonunua safari za siku chache, wanaozunguka dunia bila hata kufika kituoni. Mkataba wa kuokoa wanaanga wa 1968 unazitaka nchi zimsaidie mwanaanga aliyepata ajali na kumrudisha kwao. Haumlazimishi mtu yeyote kuweka chombo cha akiba kwenye uwanja wa kurushia. Kapsuli ya kampuni moja ikipata tundu kesho, nani analipia ya pili, na ipo wapi? Hilo ndilo ningependa jamaa yetu mhandisi alijibu kwenye kundi, na akijibu tena hakuna la kufanya, mimi najitoa.