Boho: jina la watu wengine

Jumamosi iliyopita nilikaa saluni zaidi ya saa tano nikisukwa rasta za boho, zile ambazo msusi huachia vishungi vya nywele za mawimbi vitokeze hapa na pale, ili msuko uonekane umejiachia wenyewe. Nilimuuliza boho maana yake nini, naye akajibu bila kusita: "Ni mtindo wa watu huru, dada, wasiopenda kubanwa." Hakukosea, kwa kuwa ndivyo neno linavyotumika leo. Hata hivyo, naamini kwamba anayelivaa neno hili kichwani anastahili kujua limetoka kwa nani.

Boho ni ufupisho wa jina linalotokana na Bohemia, eneo la magharibi mwa Ucheki ulipo mji wa Prague, ambalo Warumi waliliita makao ya Waboii, kabila la Waselti lililowahi kuishi huko. Wafaransa wa karne ya 15 walilichukua jina hilo wakawabandika Waroma (jamii ya wahamaji, si Warumi), waliokuwa wakifika kwao kwa makundi, wakidhani wametokea Bohemia, kama Waingereza walivyodhani kwamba watu haohao ni Wamisri. Wote walikosea. Asili ya Waroma ni kaskazini mwa India, na lugha yao ni ushahidi hadi leo: maji wao huyaita pani, neno lilelile utakalolisikia mezani kwa familia za Kigujarati za Mombasa na Dar es Salaam.

Mwaka 1427 kundi lao lilipofika Paris halikuruhusiwa kuingia mjini. Liliwekwa nje ya kuta, La Chapelle, na wenyeji wakamiminika huko kusomewa viganja, hadi askofu akawatenga na Kanisa wale waliokubali kusomewa. Walitamaniwa kwa kutazamwa, wakakataliwa kwa kuishi nao, na hali hiyo ikadumu karne nyingi.

Wasanii wa Paris walijipachika jina hilo la Wabohemia katika karne ya 19. Henri Murger, mtoto wa fundi cherehani, alianza mwaka 1845 kuandika gazetini visa vya wenzake waliopanga vyumba vya darini na kukimbizana na wenye nyumba. Vikatoka kitabu mwaka 1851, na Puccini, mtunzi wa muziki wa Kiitaliano, akavitungia opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Turin mwaka 1896. Mwanzoni mwa opera hiyo mshairi anachoma mswada wa tamthilia yake, sehemu baada ya sehemu, ili chumba kipate joto. Siwabezi watu hawa, kwani umaskini wao ulikuwa wa kweli, na Murger mwenyewe alifariki mwaka 1861 kabla hajafikisha miaka 40. Walilitwaa neno la dharau wakaligeuza sifa, kinyume kabisa na sisi, ambao neno letu la heshima, msanii, tumelifanya mitaani kuwa jina la laghai.

Kinachoniuma ni kwamba sifa hiyo haikuwarudia wenye jina. Msanii aliyepata mchapishaji aliweza kuuaga ubohemia na kuhamia nyumba nzuri, wakati mwaka uleule kitabu kilipotoka, 1851, Waroma wengi wa Moldavia na Wallachia, katika eneo la Romania ya leo, walikuwa bado wanamilikiwa kama watumwa, na utumwa huo ulikuja kukomeshwa 1855 na 1856.

Na Bohemia yenyewe, katika kijiji cha Lety, chini ya utawala wa Wanazi ilikuwepo kambi ya Waroma ambamo zaidi ya watu 300 walifariki, wengi wao watoto, huku wengine wengi wakipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Miaka ya 1970 palijengwa hapo mabanda ya nguruwe, nayo yalibaki yakifanya kazi kwa miongo kadhaa huku ndugu wa marehemu wakidai yaondolewe. Yalibomolewa mwaka 2022, na makumbusho ya waliofia hapo yakafunguliwa mwaka 2024.