Bangi, Uongo na Kibali cha Usalama Marekani: Kipi Kizito Zaidi?

Anayeomba kibali cha usalama Marekani, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, awe askari, mkalimani au mtaalamu wa kompyuta katika kampuni yenye mkataba na Wizara ya Ulinzi, hujaza fomu ndefu iitwayo SF-86, ambayo sehemu yake ya 23 humuuliza kama ametumia dawa za kulevya kinyume cha sheria katika miaka 7 iliyopita. Wengi huliogopa swali hilo, wakidhani kwamba kukiri kumewafungia mlango. Maamuzi ya wizara hiyo, ambayo huchapishwa bila majina ya waombaji, yanaonyesha jambo jingine: wapo watu ambao bangi yao ilisameheka, ila uongo waliouandika kuihusu haukusameheka.

Maamuzi hayo hufuata miongozo 13 iliyoanza kutumika Juni 2017. Mwongozo H, unaohusu dawa za kulevya, huzingatia muda uliopita, mara ambazo mtu ametumia, kama ameachana na wenzake wa kutumia, na kama yuko tayari kusaini tamko kwamba akirudia, kibali chake kifutwe. Desemba 2021, Avril Haines, aliyekuwa Mkurugenzi wa Ujasusi wa Taifa, aliziongoza idara kwamba matumizi ya bangi ya zamani yapimwe, lakini yasitoshe peke yake kumkatalia mtu. Anayeendelea kutumia hana nafasi hiyo, kwa kuwa sheria ya 2008 inakataza apewe kibali, na aliyetumia akiwa tayari amekabidhiwa siri huwa na kesi ngumu sana. Ruhusa ya jimbo, kama ile ya Colorado na Washington tangu 2012, haimwokoi, maana kinachopimwa ni sheria ya shirikisho. Wahamiaji kutoka Afrika Mashariki wakumbuke pia kwamba miraa, iliyo halali Kenya, ina kemikali ya kathinoni ambayo Marekani imeipiga marufuku.

Uongo una mwongozo wake, E, na sababu ya kuupa uzito ina mashiko. Mwenye kibali hafuatwi na mlinzi kila saa; serikali humtegemea aripoti mwenyewe madeni yake, mawasiliano yake na wageni, na hata nyaraka alizozipoteza. Aliyeficha ukweli kwa kuogopa kukosa kazi ameonyesha atakavyofanya siku nyingine ukweli utakapomgharimu, na siri anayoificha inaweza kugeuzwa silaha na yeyote anayetaka kumtishia. Zaidi ya hayo, fomu yenyewe inaahidi kwamba majibu ya kweli katika sehemu ya dawa za kulevya hayatatumiwa kumshtaki mtu mahakamani, ilhali kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai linaloweza kumfunga hadi miaka 5.

Hata hivyo, wanaoulalamikia utaratibu huu wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Ahadi ya kutoshtakiwa si ahadi ya kupewa kibali. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua mwaka 1988 kesi ya Egan, mfanyakazi wa jeshi la wanamaji aliyenyimwa kibali, inafahamika kwamba hakuna mwenye haki ya kudai kibali, na shaka inapobaki huamuliwa kwa manufaa ya usalama wa taifa. Kijana wa miaka 19 ambaye familia nzima inamtazama anaombwa aamini kwamba ukweli hautamdhuru, na hakuna anayeweza kumhakikishia hilo. Linalonisumbua zaidi ni namna uongo unavyogundulika. Mara nyingi mtu aliyeandika “hapana” huja kuomba kazi katika idara yenye kipimo cha kung’amua uongo, akakiri huko, na majibu yake mawili yakagongana. Aliyeshikilia uongo wake hadi mwisho huenda asijulikane kamwe, wakati aliyesema kweli kwa kuchelewa ndiye anayeadhibiwa.

Naamini uzito wa uongo unapaswa kubaki ulivyo, lakini anayerudi kwa hiari yake, hata baada ya miaka, apimwe tofauti na aliyekamatwa. Mwongozo E unakubali nusu ya jambo hili: humfikiria aliyesahihisha jibu lake mapema na kwa nia njema, kabla hajabanwa kwa ushahidi. Humfikiria pia aliyepotoshwa na wakili au na mtu ambaye kazi yake ni kushauri kuhusu taratibu hizo, mradi alisahihisha mara alipotambua. Ndugu au rafiki aliyemwambia “usiandike, hawatajua” hamo katika kundi hilo.

Kwa hiyo wanaowaandikisha vijana na maafisa usalama wa kampuni wana wajibu wa kuwaeleza haya waombaji kabla fomu haijasainiwa. Na aliyekwisha kuandika isivyo kweli bado ana nafasi katika mahojiano, mpelelezi anapoipitia fomu pamoja naye: aseme mwenyewe, kabla hajaonyeshwa kilichopatikana.