Queen's Park: kuuza Hampden na kuacha ridhaa, walikosea?

Ukitaja klabu ya Queen's Park ya Glasgow kwa watu wanaopenda historia ya soka, lazima atokee mmoja aseme hawa jamaa waliuza roho yao. Anamaanisha mambo mawili: kuuza uwanja wao wa Hampden Park kwa chama cha soka cha Scotland, SFA, kwa pauni milioni 5, na kura ya wanachama ya 2019 ya kuachana na soka la ridhaa, yaani lile la kucheza bila kulipwa.

Mi naelewa hasira. Hii ni klabu ya 1867, kongwe kuliko zote Scotland, na ile mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya 1872 dhidi ya England wachezaji wote 11 wa Scotland walitoka hapo. Hampden waliijenga wenyewe, ikafunguliwa 1903, halafu 1937 ikajaza watu karibu laki moja na nusu. Kauli mbiu yao ni ya Kilatini, maana yake kucheza kwa ajili ya kucheza tu, na walikomaa nayo zaidi ya karne moja wenzao wote wakilipana mishahara. Ukifuta hiyo, umebaki na nini cha kujivunia?

Ila tuseme ukweli. Makombe yao 10 ya Scotland, la mwisho ni 1893, na mwaka huohuo ndo Scotland ikaruhusu wachezaji kulipwa, baada ya hapo kombe hawakuliona tena. Ridhaa ilikuwa tamu enzi zile hakuna anayelipwa. Baadaye ikawa unalea kijana, akiiva anaondoka bure, hujapata hata senti. Andy Robertson huyu aliyekuja kubeba Ligi ya Mabingwa na Liverpool, msimu wa 2012/13 alikuwa anachezea Queen's Park bila mshahara huku akifanya kazi ya kupokea simu za tiketi palepale Hampden. Watu wanaihadithia kama kitu kizuri, mi naona kama unyonyaji fulani hivi, sijui.

Na uwanja? Hapo ndo siwalaumu kabisa. SFA walikuwa wapangaji, mkataba unaisha 2020, na walishaanza kuangalia Murrayfield ya raga. Wangehama, klabu inayoingiza mashabiki mia kadhaa ingebaki na viti karibu elfu 52 vya kutunza, kocha akifoka unamsikia hadi jukwaa la upande wa pili. Pauni milioni 5 kwa uwanja wenye jina lile ni hela ndogo, sawa, ila mnunuzi mwingine alikuwa nani?

Kinachonisumbua ni kwamba sasa wako kwenye soko moja na kila mtu, na huko pesa ikikata hakuna anayekuonea huruma. Ila Februari 2025 walienda Ibrox, uwanja wa vigogo Rangers, kwenye Kombe la Scotland wakawafunga 1-0, na siku hiyo sikumsikia mtu akililia ridhaa.