Gari la zamani: uimara ni jambo moja, kutengenezeka ni jingine

Ukikaa na wapenzi wa magari ya zamani kwa nusu saa, kauli moja haikosi: magari ya enzi zile yalikuwa magari kweli, chuma tupu, si haya ya leo ya plastiki. Msemaji hugonga boneti kwa kifundo cha kidole, boneti ikaitika, na mjadala ukawa umefungwa. Sina ugomvi na mlio ule; nami nimegonga boneti nyingi. Ninachotilia shaka ni maana tunayoupa. Tunachanganya sifa mbili, uimara na kutengenezeka, na magari mengi tunayoyalilia yalijaliwa zaidi hiyo ya pili.

Anzia kwenye dashibodi. Volkswagen Beetle, gari lililotoka viwandani zaidi ya milioni 21 kabla ya la mwisho kuundwa Puebla, Meksiko, Julai 2003, kwa miaka mingi lilikuwa na mita ya kuhesabu umbali yenye tarakimu tano tu. Ikifika 99,999 inarudi sifuri, kana kwamba aliyeichora hakutegemea wengi wafike huko. Injini yake ya asili haikuwa hata na filta ya oili, bali chujio la wavu wa waya, ndiyo maana oili ilimwagwa kila baada ya kilomita 5,000 hivi, na valvu zikarekebishwa mara kwa mara. Leo gari la kawaida likifika kilomita 200,000 bila injini kufunguliwa, hakuna anayeshangaa.

Macho nayo yanatudanganya. Ford Model T zilitengenezwa zaidi ya milioni 15 kati ya 1908 na 1927, na zinazotembea leo ni chembe ya idadi hiyo. Zilizoliwa na kutu au kuyeyushwa haziji kwenye maonyesho kutoa ushahidi. Tunakihukumu kizazi kizima kwa wazee wachache waliobaki na afya.

Lakini hao wachache walibaki kwa sababu, na hapo ndipo wapenzi wa magari haya wana hoja nzito. Chukua platini, ile swichi ndogo ndani ya distributa (kigawa umeme cha plagi), inayokata umeme wa koili ili plagi itoe cheche. Ina kijiguu kinachosugua kamu, kile kipande chenye pembe kinachozungushwa na injini, na kila kinapolika nafasi ya platini inapungua, cheche inatoka nje ya wakati wake, gari linaanza kuchoka mlimani. Dawa yake unaishika mkononi. Unafungua klipu mbili za kifuniko, unachomoa rota, unazungusha injini kwa spana kwenye puli mpaka kijiguu kikae juu kabisa ya pembe ya kamu. Unapitisha katikati ya platini kipande chembamba cha geji, chenye unene wa milimita 0.4. Kikipita kwa kukwaruza kidogo bila kubanwa, unakaza skrubu. Kisha unapima tena, kwa sababu skrubu hiyo ina tabia ya kuvuta kila kitu pembeni pale unapoikaza, na mara ya kwanza karibu kila mtu hulazimika kurudia. Robo saa, bisibisi moja, na gari linaimba.

Kazi hiyo ina raha ambayo gari jipya haliwezi kukupa. Unaona sababu, unaona tokeo, hakuna kompyuta katikati. Anayeuita huo ushamba hajawahi kusikia injini ikitulia chini ya vidole vyake mwenyewe.

Ila ni raha ya mtu mwenye Jumamosi. Aliyekuwa na gari hilo moja tu la kumfikisha kazini hakuiita raha, aliiita kuchelewa. Kumbukumbu zetu zina upendeleo: zinahifadhi baba akiwa ameinama kwenye boneti huku watoto wakimshikia tochi, zinaacha nje mvua iliyokuwa ikimnyeshea. Hata ile harufu ya petroli tunayoisimulia kwa mapenzi, sehemu kubwa ilikuwa mafuta ambayo hayakuungua vizuri, na kwa miongo mingi yalikuwa mafuta yenye madini ya risasi, sumu kwa ubongo wa mtoto. Nchi ya mwisho kuacha kuyauza kwa magari ni Algeria, mwaka 2021.

Kuondoka kwa risasi kumewaachia wenye magari ya kale kibarua chao. Ilikuwa ikikinga viti vya valvu za ekzosi, yaani sehemu ambazo valvu hizo hukalia zinapojifunga, na injini zilizotegemea kinga hiyo zinahitaji kuwekewa viti vigumu zaidi au kutiwa dawa kwenye tangi. Petroli iliyochanganywa ethanoli nayo huvuta unyevu na kuharibu mipira ya zamani ya kabureta na mabomba ya mafuta. Kwa hiyo kulitunza gari hili si kulirudisha tu lilivyokuwa. Ni kulifundisha kuishi na mafuta ambayo halikuundwa kuyanywa.

Kuhusu usalama sioni cha kupima sana. Mwaka 2009 taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, nusu uso kwa nusu uso, kila moja ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 64 kwa saa hivi. Wengi walitarajia lile jitu la chuma limpige kumbo mjukuu wake. Badala yake chumba cha abiria cha Bel Air kilijikunja na usukani ukamfuata mwanasesere wa majaribio kitini, wakati chumba cha Malibu kilibaki kimesimama. Chuma kinene kisichopangiwa namna ya kukunjika hakimlindi mtu, kinamfikishia pigo. Mwaka huohuo wa 1959 ndipo Volvo ilipoanza kufunga mkanda wa usalama wa pointi tatu, na ilichukua muda mrefu kwa magari mengine kuufuata. Mtetezi atasema wenye magari haya huendesha kidogo na kwa tahadhari. Ni kweli, lakini hiyo ni sifa ya dereva.

Hata shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoanzishwa 1966, linataka gari la kihistoria liwe limefikisha angalau miaka 30, litunzwe katika hali yake sahihi ya kihistoria, na lisiwe chombo cha usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho nalipenda. Ni watetezi wenyewe wanaokubali kwamba gari hili limestaafu.

Kustaafu lakini si kufungiwa. Mwaka 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé, moja kati ya mbili tu zilizoundwa 1955, iliuzwa kwa euro milioni 135, na bei za namna hiyo zimewapa watu wazo kwamba gari la kale ni hati ya akiba. Wanalifunika turubai na kusubiri. Huku petroli inaganda utomvu kwenye kabureta, silinda za breki zinakamata, mipira ya sili inakauka na kupasuka. Nimeona gari lenye rangi ya kung'aa likishindwa kutoka mlangoni kwa nguvu zake lenyewe, na mwenyewe akishangaa kwa dhati.

Swali gumu zaidi liko upande wa pili. Magari ya miaka ya 1990 na 2000 ni imara kuliko yote niliyoyataja, lakini yataokolewaje yakifika umri huo? Bushi ya gari la 1955 fundi mzuri anaweza kuikereza kwa chuma kipya. Kisanduku cha kompyuta kilichokufa, chenye chipu ambayo hakuna kiwanda kinachoitengeneza tena na programu iliyofungwa, hakikerezeki. Hapo nawapa wapenzi wa chuma ushindi wao, ingawa si ule waliouomba: gari lao lilikuwa rahisi kuharibika, na rahisi vilevile kufufuka.

Ndiyo maana ubishi mdogo kuhusu kuondoa platini na kuweka mfumo wa kielektroniki ndani ya kifuniko kilekile cha distributa unanivutia kuliko ule wa bei. Wanaoshika asili wanasema ni usaliti. Wanaoendesha kweli wanasema injini inawaka vizuri zaidi na hakuna kijiguu cha kulika. Mimi nimeweka wa kielektroniki, na sijutii. Lakini mfumo huo ukifa barabarani unakufa moja kwa moja, hauponi kwa kusuguliwa msasa kama platini. Kwa hiyo platini ya zamani ingali kwenye droo ya dashibodi, imefungwa kitambaani pamoja na kondensa yake, geji na bisibisi.